Kosa Namba 41

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na ilipofika saa nne na robo ndoo ya kwanza ilikuwa tayari iko sakafuni, kati ya meza yangu na ya mwenzangu Miwani. Ofisi yetu iko juu ya duka la magodoro. Mwenye duka anasema maji yakimfikia atatushtaki. Bosi anamjibu kwamba mbingu si mali yake.

Naanza daftari hili kwa sababu lile la kazini haliruhusu maoni. Mimi ni mjaribu: nacheza mchezo mpaka uharibike, halafu naandika umeharibikaje. Kila kosa lina namba. Mwaka jana niliandika kwamba mchezo mmoja wa magari "unachosha kama hotuba ya mgeni rasmi", mteja akayasoma, Bosi akanipa vidonge vyangu mbele ya watu. Tangu hapo kule naandika makosa tu. Maoni yatakaa huku.

Kazi ya msimu huu ni mkusanyo wa michezo kumi na miwili ya zamani, ile ya kumbini, ya kabati kubwa na kutumbukiza sarafu. Tunaihamisha ili watu waicheze nyumbani, kwenye kompyuta au kwenye mashine ya kuunga na televisheni. Tunafunga kazi Mei 16, mvua zikiisha. Bosi anaamini watu wa rika lake watainunua huku wanalia. Miwani, anayeandika programu, hajawahi kukanyaga ukumbi wa michezo. Alipozaliwa, kumbi zilishageuka maghala ya saruji.

Alhamisi, Machi 6

Makosa manne. Ndoo mbili. Dada alipiga simu mchana, ikakatika kabla sijapokea.

Jumanne, Machi 11

Mchezo wa kumi na mbili umefika ndani ya sanduku la viatu, umeviringishwa taulo. Ni bodi moja ya chipu zinazobeba mchezo, na hakuna nyingine iliyobaki popote. Ameileta aliyeitengeneza, mama wa miaka sabini na ushei ambaye zamani alikuwa fundi wa mashine za kumbini. Mafundi wenzake humwita Bi Risasi. Mgeni akilisikia jina hilo hushtuka, lakini ni risasi ile ya kulehemu nyaya.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Kanawe tena."

Nikaenda kunawa. Niliporudi alikuwa ameshamkalisha Miwani chini, anamwonyesha chipu ipi isiguswe. Miwani alikuwa anaandika kama mwanafunzi. Bosi akaja na mkataba na kalamu, tabasamu mpaka masikioni. Bi Risasi hakuishika kalamu.

"Nakili kwanza," alisema. "Mkimaliza mniite niuone. Nikiuona ni wangu, natia saini. Nikiuona ni wenu, nachukua bodi yangu naondoka, na huo mlionakili mnaufuta. Tumeelewana?"

Bosi akasema tumeelewana. Alipotoka, Miwani alisema chipu mbili zimeshaanza kuchoka, na kwamba tusipoupata mchezo sasa, baada ya mwaka mmoja hata mwenyewe hatakuwa nao.

Ijumaa, Machi 14

Bodi imenakiliwa. Mchezo unaitwa VUKA. Nimeucheza siku nzima.

Kuna mtu mdogo, madoa kumi na sita ya skrini kwenda juu, anatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Mbele yake kuna mto. Wewe huendeshi yule mtu. Wewe unatandika mbao mbele yake, na yeye anapita. Huwezi kumsimamisha, huwezi kumrudisha, na hageuki kutazama anayemtandikia. Ukichelewa ubao mmoja anazama. Baada ya hatua ya tano giza linaingia, na taa inajiwasha yenyewe juu ya maji. Wakicheza wawili, maelekezo yanasema, taa inashikwa na wa pili.

Ni mchezo mzuri. Nimeandika hivyo huku, maana kule si mahali pake.

Safu ya wachezaji wawili kwenye fomu nimeipigia alama ya vema. Pedi ya pili ya kuchezea haishiki vizuri kitufe cha kushoto, na sikuona haja ya kumwita Miwani aache kazi zake. Kwa ukweli zaidi, sipendi kucheza na mtu.

Jumatano, Machi 19

Dada tena. Safari hii nilipokea. Baba ameanguka bafuni. Hajavunjika, lakini hataki kuinuka kitandani. Dada anaishi naye kwenye nyumba ile ile tuliyokulia, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, nami sijafika huko mwaka wa pili huu. Mara ya mwisho mimi na dada tulitupiana maneno. Aliniambia natuma salamu nyumbani kama mtu anayeagiza vipuri.

"Utakuja?" aliuliza.

"Mvua ikipungua."

"Haya," akasema.

Alhamisi, Machi 20

Makosa kumi na moja kwenye VUKA, mengi ya kunakili: rangi ya maji, sauti ya ubao. Moja ni la lugha. Mtu akizama, skrini inaandika kwa herufi kubwa nyekundu: UMEFIWA. Nilicheka peke yangu. Umepoteza mchezo, halafu mashine inakupa pole ya msiba. Watengenezaji wa enzi zile walikuwa mafundi, si walimu. Kuna mchezo mwingine humu unaosema BONYESA KITUFE.

Kosa namba 41. Mchezo: VUKA. Mahali: skrini ya mwisho. Maelezo: neno limekosewa, linasomeka UMEFIWA. Lisomeke UMEKUFA. Uzito: mdogo.

Miwani amerekebisha kabla ya chai. Herufi ni saba kwa saba, hata nafasi haikusumbua.

Jumanne, Machi 25

Mvua. Dada: vilevile. Mimi: ikipungua.

Jumatatu, Machi 31

Mwenye duka la magodoro amepanda juu na godoro lenye doa. Bosi amempa kiti, akampa chai, akampa na kisa kirefu cha fundi wa paa anayemkwepa. Yule bwana ameshuka akituonea huruma. Bosi ana kipaji, lazima nikubali.

Alhamisi, Aprili 3

Dada: baba anauliza mimi naingia darasani saa ngapi, kama kwamba bado niko shule. Nikasema nitakuja mvua ikipungua. Akasema, "Huku haijanyesha siku tatu."

Nikasema kazi ni nyingi, ambalo pia ni kweli.

Jumanne, Aprili 8

Bi Risasi alikuja kuuona mchezo wake.

Bosi alikuwa ameagiza biskuti. Tumeunga mashine na televisheni kubwa ya chumba cha mikutano, tukaweka kiti kimoja mbele. Akakikataa, akasema VUKA huchezwa kwa miguu. Akasimama, kikoba begani, pedi mkononi ameishika juu juu kama kitu cha kuazima.

Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Mimi nimefika hatua ya kumi na nne kwa wiki tatu za mshahara. Yeye alifika ya ishirini na mbili akizungumza na Miwani juu ya sauti ya ubao. "Kali mno. Ubao umelowa, haulii kikavu hivyo." Miwani anaandika. "Maji hayo ni ya bomba. Mto una tope." Miwani anaandika. Bosi ananikonyeza. Kazi ilikuwa imekwisha, kilichobaki kilikuwa kalamu.

Hatua ya ishirini na tatu akachelewa kidogo. Nadhani alichelewa makusudi, ili auone mwisho. Mtu akazama. Skrini ikaandika UMEKUFA.

Akasoma. Akakaa anasoma, neno moja.

"Nani amekufa?"

Tukatazamana. Bosi akasema, "Ni wewe, mama. Yaani, mchezaji."

"Mimi niko hapa. Nimeshika hili dude lenu. Nakuuliza, nani amekufa?"

"Yule mtu," nikasema.

"Na anayeambiwa ni nani?"

Nikajieleza. Nikasema lilikuwa kosa dogo la lugha, nimelisahihisha mwenyewe, nikatoa na namba yake. Nilisema kwa sauti ya kumsaidia. Naikumbuka sauti hiyo na inaniudhi.

"Umelisahihisha," akasema. "Kiswahili umesomea wapi?"

"Shuleni, mama."

"Wamekudhulumu."

Akaweka pedi juu ya sahani ya biskuti, akaenda kwenye rafu, akachukua sanduku lake la viatu, akahakikisha taulo limefunika. Bosi alimfuata mpaka ngazini akimwambia tutarudisha, mama, ni dakika mbili tu kurudisha. Yeye akajibu bila kugeuka kwamba anajua ni dakika mbili. Hadai dakika. Alitaka mtu mmoja humu ndani aliyeuliza kwa nini lile neno liko pale kabla ya kulifuta.

Bosi aliporudi hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Aliketi akala biskuti tatu, akasema, "Basi ni michezo kumi na mmoja."

Jumatano, Aprili 9

Nimempigia Bi Risasi mara mbili. Hapokei.

Nimeandika kwenye karatasi: kufa, kufia, kufiwa. Aliyekufa amekufa. Aliyebaki amefiwa. Katika mchezo ule mimi si yule anayetembea, mimi ni yule wa mbao. Hilo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe Machi 14, siku sita kabla ya kuandika kosa namba 41. Ndivyo ilivyo kazi yangu: naona madoa kumi na sita, simwoni mtu.

Bado najitetea kidogo. Nani alijua kama ilikuwa makusudi? Huenda bibi naye ametafuta maana baada ya miaka mingi, neno likawa limekosewa kweli na yeye akalizoea. Nimemwambia Miwani hivyo. Akasema inawezekana. Miwani hukubali kila kitu ili arudi kwenye kazi yake.

Jumatatu, Aprili 14

Mvua kubwa. Ndoo tano.

Alhamisi, Aprili 17

Dada hajapiga wiki hii. Nikadhani ni nafuu.

Jumanne, Aprili 22

Nimepiga mimi. Baba amelala, dada akasema. Nikasema nitakuja Jumamosi, inyeshe isinyeshe. Akasema, "Nimekusikia," kwa namna ambayo mtu husema akiwa haamini.

Alhamisi, Aprili 24

Saa tatu asubuhi. Nilikuwa ofisini, najaribu mchezo wa nane, na begini nilikuwa na pedi mbovu ya kupeleka kwa fundi jioni. Simu ikaita.

"Tumefiwa," dada akasema.

Nikatoka na begi nililokuwa nalo.

Jumatano, Aprili 30

Nyumbani. Tumezika Ijumaa. Watu wengi, majirani ambao sikuwakumbuka na wao wananikumbuka kwa jina la utotoni, Makelele, ambalo halinifai tena. Wanasema pole, nasema nimeshapoa. Nimesaidia kubeba viti, kurudisha viti, kuhesabu viti. Nimejipa kazi ya viti.

Sijalia. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu. Kitanda cha baba kimetolewa nje kianikwe, na dada ameosha kila kitu chumbani, hata kiberiti amekipangusa. Huku jua linawaka. Alisema kweli.

Kwenye simu hakusema amefiwa, wala hakusema umefiwa. Alisema tumefiwa. Miaka miwili nilimwachia baba peke yake, na siku ile akanihesabu. Nimeliwaza hilo kuliko nilivyomwaza marehemu, na naona aibu kuandika.

Ijumaa, Mei 2

Leo wageni wa mwisho wameondoka. Mchana nyumba ilikuwa kimya, nikatoa kompyuta kwenye begi nipate kazi ya kufanya. VUKA bado ilikuwemo, maana sikuwa na moyo wa kuifuta. Dada akanikuta sebuleni.

"Unacheza gemu."

"Ni kazi."

"Baba hajamaliza wiki mbili, unacheza gemu."

"Ni kazi, dada. Ndiyo kazi yangu."

Nilidhani tutarudia ugomvi wetu pale tulipouacha. Akaketi. Akatazama yule mtu anavyotembea. Baada ya muda akauliza kama ule si mchezo wa ukumbi wa karibu na stendi, wenye kabati la kijani, na hapo ndipo nami nikalikumbuka kabati lile, nikasema ndio. Akasema alikuwa ananishinda. Nikasema hajawahi. Akafungua begi langu bila ruhusa, kama zamani, akatoa pedi ya pili.

"Hiyo ni mbovu. Kushoto haishiki."

"Nitabonyeza kwa nguvu."

Basi tukacheza wawili, mimi mbao, yeye taa. Si mchezo ule ule. Peke yako taa hujiwasha, hata huifikirii. Ukiwa na mwenzako unamtegemea akuonyeshe ubao uende wapi, naye anabonyeza kitufe kibovu na kukutukana. "Weka! Weka, wewe! Unangoja mvua ipungue?" Alilisema bila kufikiri, kisha tukasikia sote alichosema, na tukaendelea kucheza. Tukafika hatua ya tisa. Taa ikachelewa, nami nikachelewa, sijui nani alitangulia. Mtu akazama.

Skrini ikaandika: TUMEFIWA.

Miwani alibadilisha neno la mchezaji mmoja tu, kwa kuwa ndilo nililompa namba. La wawili limehifadhiwa mahali pengine kwenye chipu, na mimi sikuwahi kufika huko. Nilipiga alama ya vema.

Dada aliangua kicheko. "Mashine yenu imejuaje?" Kisha kicheko kikageuka, akaweka pedi mapajani akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu nifike. Nami nikalia. Sikuwa na kiti cha kubeba. Nilimwambia nimekosa, nilipaswa kuja Machi. Akasema ndiyo, ulipaswa. Hakunipunguzia hata kidogo, na nilishukuru.

Baadaye nikatoka uani nikampigia Miwani. Nikamwambia: mtu anayekosea tahajia hakosei mara mbili kwa nafsi mbili tofauti. Umefiwa akiwa mmoja, tumefiwa wakiwa wawili. Lile neno lilikuwa limenyambuliwa na mtu aliyejua anachofanya, na alijihesabu pamoja na wachezaji. Rudisha la kwanza kama lilivyokuwa.

"Pole na msiba," Miwani akasema. "Nimesharudisha. Tangu siku ile Bi Risasi alipoondoka."

Hakuwa ameniambia. Nilikuwa sijamuuliza.

Jumanne, Mei 6

Nimerudi mjini. Manyunyu tu. Bi Risasi hapokei simu.

Alhamisi, Mei 8

Nimekwenda kwake. Chumba kimoja nyuma ya duka la cherehani, mlango wazi, meza yenye pasi ya kulehemu na televisheni tatu zisizo na mgongo. Aliniona akaendelea na waya wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimewaambia hapana."

"Sikuja na kalamu."

Akanitazama vizuri. "Umekonda. Una nini?"

"Nimefiwa, mama. Baba."

"Pole."

"Ahsante."

Akapuliza ncha ya pasi. "Kumbe neno unalijua."

Sikujitetea. Nilimweleza jinsi nilivyocheza na dada yangu, na nilichokiona hatua ya tisa. Mkono wake ukasimama. Aliniuliza tulifika wapi, nikarudia, ya tisa. Akasema ya tisa ni aibu, sisi tulikuwa hatupotezi kabla ya thelathini. Sisi ni yeye na pacha wake. Yeye alitengeneza bodi, pacha aliandika maneno. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, kaka mkorofi, mtu wa kubishana na gazeti. Mwenye kumbi alimwambia neno lile litachekwa. Pacha akasema acha wacheke, iko siku kila mmoja ataacha kucheka kwa wakati wake.

"Akafa mwaka wa pili mashine zikiwa kumbini," alisema. "Kazi ni kazi. Siku ya nne nikaenda kutengeneza kifimbo cha kuchezea kilichokatika. Nikakitengeneza, nikajaribu, nikazamisha mtu. Mashine ikaniambia. Watu walikuwa wamenipa pole siku nne na sikumsikia hata mmoja. Yeye nikamsikia."

Alisema kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Tangu hapo sijacheza wawili," akaongeza.

Nilikuwa na kompyuta begini, na pedi mbili, moja mbovu. Nikaziweka mezani, mbali na pasi. Akachukua ile nzima, bila shaka. "Shika taa," akaniamuru. "Na usinisemeshe."

Tulizama hatua ya kumi na saba, kwa kosa langu. Akalisoma lile neno. Akasimama nalo muda mrefu, mpaka skrini ikajirudisha yenyewe mwanzo na mtu akaanza kutembea upya.

"Sauti ya ubao mmeirekebisha," akasema.

"Miwani ameirekebisha."

"Huyo ana masikio. Mwambie bosi wako alete karatasi yake."

Ijumaa, Mei 16

Jua. Ndoo zimerudishwa stoo. Mkusanyo umefungwa, michezo kumi na miwili.

Maandishi yangu ya mwisho kwenye daftari la kazini:

Kosa namba 41. Limefungwa. Si kosa.

Kosa namba 203. Safu ya wachezaji wawili ilipigiwa alama ya vema bila kuchezwa. Mahali: mjaribu. Uzito: mkubwa.

Bosi amelisoma, akaja mezani kwangu. "Hili la mwisho unalirekebishaje? Siwezi kufunga kazi na kosa lililo wazi."

Nikamwambia andika linashughulikiwa. Dada anakuja kesho kukaa wiki moja, na leo asubuhi, nikielekea kazini, nimenunua pedi mpya.